Vumbi la Kijani

Mvua ya Aprili ilikesha Shinyalu,
na alfajiri, nyuma ya ghala la shule,
uyoga ulikuwa umesimama, mweupe, kofia zimenona.

Ule wa kichuguu ukiuvuta haukubali.
Unachimba kwa kijiti, unachimba,
na mzizi unashuka tu, mwembamba,
hadi jumba la mchwa
kama kamba ya ndoo isiyofika maji.
Juu ya kofia una chuchu butu
ya kutobolea udongo.

Huu mwingine hung'oka upesi mno.
Shina limevimba chini, halafu basi.
Shingoni pete,
na pete yenyewe, ukiisukuma kwa kidole,
inapanda, inashuka.
Ila ukiwa bado mchanga, umejifumba,
nani atakwambia?

Mimi niliuchuma wote.
Nilikuwa na deni la unga kwa Vugutsa,
na mkono wenye deni hauchagui.
Bakuli moja nikamuuzia mwalimu Lihanda jioni ile ile.

Kageha, binti yangu, akachana ukurasa wa daftari,
akalaza kofia moja kifudifudi,
akaifunika kwa sufuria.
"Mama, tungoje kukuche."
Tukala ugali kwa mrenda.
Nilinung'unika mpaka usingizi.

Asubuhi akafunua.
Mistari myembamba kama njiti za baiskeli,
na rangi yake kijani,
si kijani cha mchicha,
kijani cha shaba iliyosahauliwa majini,
juu ya hesabu zake za kugawanya.

Sikumbuki nilivyovuka kijito.
Nakumbuka mlango, ngumi yangu,
na mwalimu akifungua, mswaki mdomoni.
Bakuli lilikuwa mezani. Limejaa.
"Nisamehe, mama Kageha," akasema,
"gesi iliniishia, mkaa ulilowa,
nililalia chai."
Anaomba msamaha, yeye!
Nikakumbatia bakuli kama mtoto aliyepotea sokoni.
Mia yake nikamwahidi Ijumaa.

Siku hizi uyoga wangu hufika Khayega umenyauka.
Wateja wanaubonyeza, wanakunja uso.
Nawajibu: ulilala kwangu kwanza.

Na ule ukurasa?
Mwalimu aliuulizia, daftari lina pengo.
Nikamtumia ulivyo, na vumbi lake.
Ulirudi na wino mwekundu:
saba kwa kumi,
na chini, kwa mwandiko mdogo,
*asante.*