Wakazi Wote

Karatasi ya mwezi jana jua limeila.
Maandishi yamegeuka rangi ya chai ya maziwa,
pembe zimejikunja kama sambusa isiyofungwa.
Naibandua, nabandika mpya
mlangoni pa sabla, ukumbi wetu hapa Mabela,
nyingine dukani kwa Koya, kati ya vocha na miswaki,
nyingine kwa dobi, ambaye hasomi Kiswahili
ila kila mara huniuliza: "Harusi?"
Si harusi, ndugu yangu. Mambo ya mtaa.

Jumatatu, baada ya Isha: habari ya wadi.
Mvua ya mwaka jana ililibeba gari la Humud bin Khalfan
ikaliegesha vizuri kabisa mbele ya benki,
taa zinawaka.
Manispaa imeahidi mtaro. Tuje tuisikie ahadi
ikisemwa kwa sauti, tupate pa kuishikia.

Jumatano: hitima ya Bi Ghaniya,
aliyeondoka na vipimo vya mandazi yake kichwani.
Kila anayedhani anavijua
aje na unga wake.

Alhamisi: darasa la Kiswahili kwa watoto.
Mwalimu yupo, viti vipo,
wanafunzi watatu, wawili wao wa mwalimu mwenyewe.
Wajukuu zetu wanajibu kwa Kiarabu, wanaota kwa Kiingereza;
wangu mimi, akijikwaa tu, ndipo hupiga ukelele:
"Mayo wee!"
Sijui kautoa wapi.

Wanaume watakaa sabla, wanawake kwa Bi Thuraya.
Wao watapiga kura. Sisi tutaamua.

Nikamalizia, kama nimalizavyo mwaka wa sita huu,
kwa herufi kubwa:
WAKAZI WOTE MNAKARIBISHWA.

Kesho yake, dukani,
chini ya herufi zangu nikakuta za penseli,
ndogo, zimenyooka,
za mtu aliyefundishwa na mwalimu mwenye fimbo:
*Wote ni kina nani?*

Nilicheka.
Halafu nikaacha kucheka.

Koya hakuinua macho, alikuwa akipanga mayai.
"Yule dada," akasema. "Sabuni, chumvi,
na vocha ya kupigia Tabora.
Yule wa geti la kijani."

Geti la kijani ni langu.

Miaka miwili Kabula anapiga pasi mtandio
ninaouvaa kwenda mikutanoni.
Yeye husema "naomba", mimi husema "lete",
na lugha ni moja.
Usiku ule wa wadi
ni yeye aliyepandisha magodoro juu, akambeba mtoto mgongoni,
akimsimulia kwamba kwao msichana anayezaliwa mvua ikinyesha
huitwa kama yeye, kwa hiyo mvua inamjua,
haitamdhuru.
Mimi nilikuwa kwenye simu, naitafuta manispaa.

Mayo wee.
Kumbe darasa lilikuwa jikoni siku zote,
halina kiti hata kimoja.

Jioni sikumwita. Nilikwenda.
Nikaweka mezani karatasi nyeupe na kalamu ya wino,
nikasogeza bakuli la mchele ambao haujachaguliwa.
"Jumatatu baada ya Isha, wewe unafanya nini?"
"Naosha vyombo."
"Vya nani?"
Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la jua.
"Vyako, mama."

Basi, nikasema, tutafute siku nyingine. Andika wewe.

Akafuta mikono kwenye kanga. Akaandika:
Ijumaa, saa kumi jioni.
Akaandika wadi, akaandika hitima, akaandika watoto,
hati yake nzuri kuliko yangu, wallahi,
mistari imenyooka bila rula.
Alipofika chini kabisa akasita.
Akaacha nafasi ya maneno matatu,
akanirudishia kalamu,
akarudi kwenye mchele wake.

Karatasi ninayo hapa.
Gundi iko tayari, nje jua linangoja,
na ile nafasi
bado sijaijaza.