Mwiko

Kwa lugha yetu, tumbo likichafuka
tunasema linaendesha.
Mimi naendesha basi, Sheffield, zamu ya alfajiri,
mlima kwenda Gleadless, mlima kurudi mjini,
na huu mwaka wa sita
najua ni nani kati yetu ameshika usukani.

Nina ramani ambayo kampuni haina.
Vituo vyake ni vyoo:
maktaba, hufunguliwa saa tatu, mara mbili haikuniwahi;
duka la mikate, lazima ununue kitu;
kliniki ya meno, mlango wa nyuma;
na kituo cha mafuta cha Bwana Harbhajan,
pale mteremko unapoanza.

Aliyelitaja jina la ugonjwa ni Bronagh, muuguzi,
kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya vitunguu:
vidonda, utumbo mpana, havitahama,
vitalala na kuamka.
Nikauliza: kama mtoto?
Akasema: kama jirani.

Shangazi Mwatumu, habari zilipomfikia Tanga,
alituma kwa mkono wa mgeni
habasoda, bizari aliyoitwanga mwenyewe,
na chupa ya kitu cheusi kisicho na jina
ila maagizo: kijiko kimoja, asubuhi, usinuse.
Nikanywa. Wiki tatu tumbo lilitulia kama maji ya mtungini.
Nikajiona nimepona. Vidonge vya Bronagh
nikavificha kabatini, nyuma ya soksi.
Wiki ya nne nilivuja damu
katika choo cha maktaba, saa tatu na dakika mbili,
nikahesabu vigae vya ukutani mpaka mia na kumi na nane.

Bronagh hakunicheka, wala hakunigombeza.
Meza vidonge, alisema, kisha niletee hiyo chupa tuisome.
Chupa haikuwa na la kusoma.
Aliibakiza mezani kwake. Bizari akaniachia,
kwa kiasi cha mchuzi, si kwa kiasi cha Shangazi.
Nami nikanunua daftari.

Jumatatu, maharage. Jumanne, nililipa deni la maharage.
Maziwa, la. Mtindi, ndiyo, usiwe wa baridi.
Pilipili: hapo nimeandika neno moja, sitalirudia.
Karoti iliyochemshwa mpaka ikasahau kuwa karoti, ndiyo.
Tangawizi hutegemea siku.
Uji wa mchele na chembe ya chumvi,
ule ule nilioutema nikiwa mtoto mwenye surua,
sasa naukoroga saa tisa za usiku
na kuupuliza kama mtu anayeomba radhi.

Harusini, Coventry, walipakua biriani.
Nilikaa na kopo langu la plastiki:
viazi vya kuponda, samaki wa mvuke.
Mzee mmoja akauliza: huyu ameapa?
Mwenzake akamjibu: labda amerogwa.
Nikacheka nao. Ni rahisi kukubali uchawi
kuliko kutamka utumbo mbele za sahani za watu.
Lakini ile iliki, jamani, ile iliki.
Nilitoka nje nikasimama mvuani.

Leo, Februari, theluji, basi limejaa,
likaja lile, kama mkono unaokamua nguo.
Nikaegesha kwa Harbhajan, taa za tahadhari zikipepesa,
nikawaambia abiria: dakika tano, kuna hitilafu.
Sikusema ni ya nani.
Harbhajan hakuuliza. Tangu mwaka juzi haulizi.
Alininyoshea ufunguo juu ya kaunta,
umefungwa kwa uzi kwenye mwiko wa mti,
usije ukapotelea mifukoni mwa watu.

Nilikaa mle, mwiko magotini,
kicheko kikanitoka peke yangu.
Kurasa arubaini za miiko nimeandika,
usile hiki, usiguse kile,
na huu ndio wa kwanza kunifungulia mlango.

Nilipopanda tena, bibi wa kiti cha mbele
akauliza kama limetengenezeka.
Kwa leo, nikamjibu,
nikatia gia.