Kifuniko cha Mtungi

Nilipanda Newala kutengeneza sola ya Bi Kolumba Nangomwa,
karani wa mizani katika chama cha msingi.
Betri ilikuwa imekufa. Nikamwambia imekufa.
Akasema basi kunywa maji, mlima si mchezo,
na Newala maji hayatolewi hivihivi.

Mtungi umefunikwa kwa sahani nyeusi,
kwenye tundu la katikati limechomekwa gunzi.
Nikaigeuzia dirishani.
Mistari. Mistari myembamba, inazunguka, inazunguka.
"Hii ni santuri," nikasema.
"Hicho ni kifuniko," akasema.

Tukabadilishana: cha plastiki, chekundu,
shilingi elfu moja mia tano dukani kwa Mchopa.

Masasi, usiku, karakana yangu nyuma ya mashine ya kusaga.
Nimeiosha kwa sabuni ya mche na mswaki wa mwanangu
(kesho atajua, tutagombana).
Gramafoni waliniuzia watawa wa Ndanda kwa bei ya chuma chakavu,
mkanda wake nimeukata kwenye tyubu ya baiskeli.
Lebo imeliwa na unyevu. Yamebaki maneno mawili:
RADI KAVU.

Nilitegemea kwaya. Au dansi, matarumbeta,
mtu anamlilia mchumba aliyeolewa Lindi.
Sindano ikagusa, ikakohoa,
halafu, sijui nisemeje,
lori la tani kumi likashuka mteremko bila breki
na dereva anacheka.
Gita halikupigwa, lilipasuliwa
kama kuni mbichi za mkorosho, zile za kuwasha macho.
Besi ikapita chini ya meza, bisibisi zikatembea zenyewe.
Na ngoma!
Huyu mpiga ngoma alikuwa anamdai nani?

Jirani yangu Hilarion akagonga bati:
"Fundi, spika yako imechanika."
Haijachanika. Ndivyo walivyotaka.
"Nani anataka hivyo?"
Nikamfungulia. Akasikiliza wimbo mzima amesimama,
mkono mfukoni, kama mtu anayehisi ameibiwa.
"Rudisha nyuma," akasema.

Wimbo wa tatu ni wa reli iliyong'olewa,
na kuna mahali ngoma inawahi.
Nusu pumzi tu. Inaingia gita halijamaliza neno lake,
na bendi nzima inayumba, kisha inaifuata,
kama watu waliosukumwa mtoni wakaamua kuogelea.
Nilirudia hapo mara tisa.
Hilarion akaenda kulala, mimi nikabaki
nawaza mitungi yote ya uwanda ule,
na nani ajuaye nini kimefunikwa na nini.

Jumatatu nikapanda tena.
Msimu umefunguliwa, magunia hadi barabarani,
harufu ya mabibo yaliyochacha.
Bi Kolumba yuko mezani, kalamu sikioni, miwani imefungwa uzi.
Nilikuwa nimeurekodi upande mzima kwenye simu.
Nilitaka tu kumuuliza aliipata wapi.
Nikamwekea sikioni.

Wimbo wa kwanza, uso wake ni uleule wa kusoma mizani.
Wa pili, vilevile. Foleni ikaanza kunung'unika.
Wa tatu, pale mahali hapajafika bado,
akafumba macho, akasema:
"Hapa niliwahi."

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa,
nikatazama mikono yake, vifundo vyake, wino kidoleni.

"Tulilipia studio saa tatu," akasema,
"hatukuwa na pesa ya kurudia."
Akanirudishia simu.

Nikataka kumwambia kosa lile
ndilo lililoninyima usingizi, ndilo ninalolipenda kuliko yote,
lakini gunia lilikuwa limeshapanda.
"Sitini na mbili na nusu," akasoma, akaandika.
"Na kile kifuniko chako chekundu,"
akasema bila kuinua macho,
"hakitoshi. Mende wanaingia."