Sanduku la Kumi na Saba

Kwa mama, Kibosho, panya ni adui wa ghala:
mtego mlangoni, dagaa kwa chambo,
na paka anayenyimwa maziwa ili aikumbuke kazi.
Mimi mwanawe nalipwa mshahara mjini Moshi
kuwabadilishia panya maranda Jumatatu na Alhamisi,
kuwapimia maji, kuwaandikia siku ya kuzaliwa.
Mama hucheka mpaka akashika mbavu:
"Aikaruwa, umesoma, umesoma, ukawa yaya wa panya."

Walishuka KIA na ndege ya mizigo
wakiwa na karatasi nyingi kuliko nilizowahi kuwa nazo mimi.
Manyoya meusi, kama panya yeyote.
Ila ndani, kwenye uzi mrefu wa maelekezo
ambao mwili huusoma ili ujijenge,
mtu mwenye mkono mtulivu alibadilisha herufi.
Moja tu.
Macho yao hufunguka siku ya kumi na nne
na wanaona.
Kisha usiku unaanza kuwatoroka,
halafu kingo za mchana.

Herufi hiyohiyo anayo Ndetaramo, kaka yangu.
Yake haikubadilishwa na mtu.
Aliipokea kama wengine wanavyopokea pua ya babu.
Darasa la tatu alitumbukia kwenye mfongo
jioni, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani,
akachapwa kwa uzembe.
Akatumbukia tena. Akachapwa tena.
Hakuna aliyemuuliza alikuwa anaona nini.
Leo, mawingu yakipanda, husimama nyuma ya zizi
akamwona Kibo, mweupe, mzima.
Mawenzi hayupo.
Ageuze shingo amtafute,
na akimpata Mawenzi, Kibo keshaondoka.
"Milima miwili," husema,
"na mimi nina tundu la ufunguo."

Sanduku la kumi na saba. Jike. Alama mbili, sikio la kushoto.
Jicho la kulia lilidungwa dawa,
tone ambalo sisimizi asingelishiba.
La kushoto halikupewa kitu.
Chumba cheusi, taa nyekundu hafifu,
nimemlaza juu ya kitambaa cha joto, usingizi wa sindano,
uzi wa dhahabu ukigusa kioo cha jicho.
Mwanga unapiga.
Kushoto: mstari umelala kama barabara ya TPC.
Kulia: unashuka kidogo, unasita,
unapanda.
Daktari Ndossi anavua miwani, anaifuta, anaivaa.
"Rudia."
Narudia.
Unapanda.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo.
Hawakumwona huyu,
peke yake, amelala, anachimba.

Hapo umeme ukakatika.
Jenereta ikakohoa, ikakataa, ikakohoa.
Nilitaka kusema kwamba gizani tulikuwa sawa,
mimi, daktari, panya, na kaka kule mlimani.
Si kweli.
Mimi nilijua taa itarudi.

Ijumaa atakufa, wala si kwa mtego.
Jicho lazima likatwe vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu
tuhesabu seli zilizobaki zimesimama.
Fomu nimeisaini. Kamati iliandika "kwa huruma",
na neno hilo nimetembea nalo siku nzima
kama changarawe ndani ya kiatu.

Jioni simu.
"Habari za wanao?"
"Wazima."
"Kuna anayeona?"
"Ni panya, kaka."
"Najua ni panya. Nimeuliza kama anaona."
Maranda yalikuwa bado yameninasa kwenye sweta.
"Kwa jicho moja," nikasema.
Akanyamaza. Nilisikia ng'ombe nyuma yake,
ndoo, mama akimfokea paka.
"Mpe mahindi," akasema.
"Hairuhusiwi. Wana chakula chao."
"Ya mama. Yale ya njano."

Alhamisi nilipanda Kibosho, nikafungua ghala,
nikaruka mtego,
nikachukua punje tatu.
Hilo halimo kwenye daftari.