Mbuzi Kala Ubeti

Leo Bwera ni gulio, kelele zimefurika,
Wanangu wana kilio, mashairi kuandika,
Eti vina vina mbio, hawawezi kuvishika;
Nikawachorea mbuzi, wakakaa, wakacheka.

"Nani ndugu yake mbuzi?" niliuliza haraka.
Biira kasema, "Juzi!" na Muhindo akaruka:
"Mwalimu, mie mchuzi!" Mate yakamdondoka.
Thembo kajikuna shavu: "Kuku hawezi kufika?"

"Kuku pia wana kwao," nikamwambia kwa pole,
"'Siku', 'huku', ndugu zao, wakutane kule kule;
Ila ukiwachanganya, beti huota upele."

Tukahesabu vidole: nane, gumba vikabaki.
Masika akenda mbele, akasoma kwa mikiki:
"Babu ana meno tele, mfukoni, hayang'oki!"
Tulicheka, mkononi ikanivunjika chaki.

Mwalimu mkuu kaja: "Kicheko hiki cha nini?
Mtihani unakuja, nyie mko mchezoni!"
Suruali yake moja ina kiraka gotini;
Thembo akakitazama, kalamu i mdomoni.

Akaondoka. Milima ikajifunika wingu.
Nikawaonya kwa hima: "Utani siyo marungu.
Anayechekwa, lazima naye acheke, wanangu."
Thembo, apime ubeti, kaazima rula yangu.

Asubuhi karatasi ya Thembo haina kingo.
"Mbuzi kaila kwa kasi, nikienda funga lango."
Nikasema, "Soma basi, ukifika, ruka pengo."
Kumbe mkuu yu nyuma, ametunyoshea shingo.

    "Mkuu wetu hodari, ana goti lenye jicho,
    Linaona kila shari, hata ndani ya maficho,
    Nalo likisinzia tu, ........................ cho."

Kimya. Mwalimu mkuu akalitazama goti,
Macho yakapanda juu, vidole bila sauti
Vyahesabu hadi nane, kisha akavuta kiti:

    "Nalo likisinzia tu,
    jingine, nyuma, li macho!"

Sijui nani kaanza kuanguka sakafuni,
Mimi nacheka, nafunza, na machozi mashavuni,
Thembo akasema, "Kwanza, mbuzi apewe idhini
Ya kuja shule, mwalimu. Naye mtunzi, jamani!"