Barua Imevaa Suti

Maganga, mtoto wa dada yangu, alikuja likizo ya Pasaka
akakaa juu ya ndoo tupu, akapekua, akasema:
"Mama mkubwa, daftari lako linavuja."

Ni kweli. Kurasa zake zimegandana kwa asali,
ukizifungua zinalia kama plasta inayobanduliwa.
Humo yumo mwalimu wa Kiloleni, lita tatu.
Yumo mama wa wanzuki, pale Isevya, deni la kiangazi kilichopita.
Na Mihambo: ndoo nne, harusi ya binti yake,
binti ambaye sasa ana mtoto anayetembea.

Mimi kudai siwezi.
Mdeni akiingia dukani, ninayetazama chini ni mimi.
Nitamuuliza tumbaku, nitamuuliza mvua,
naye ataaga vizuri, na chupa nyingine kwapani.

Basi Maganga akaiambia akili mnemba, ndani ya simu:
tuandikie barua ya kudai, yenye adabu, lakini ieleweke.
Sijamaliza kukaza kifuniko cha chupa
barua imeshafika, imevaa suti.
*Ndugu Mteja Mpendwa, tunathamini uhusiano wetu wa kibiashara.*
Nikauliza, sisi akina nani?
Humu nipo mimi, na nyuki wawili waliofuata harufu.
"Ndivyo inavyoandika," akasema. "Iache."

Jumatano tulituma kumi na tisa.
Alhamisi mwalimu akalipa kwa simu, kimya.
Ijumaa mama wa wanzuki alikuja mwenyewe,
noti amezikunja ndogondogo kama dawa ya mtoto:
"Kalunde, umeniwekea wakili? Mimi na wewe?"
Nikatazama chini.
Pesa nilizipokea hukohuko chini.

Usiku nikahesabu mara mbili.
Uso umeumbwa na haya, walituambia waliotulea,
na haya zangu zimenila mtaji miaka sita.
Kitu hiki hakina uso.
Nililala vibaya, sijui kwa furaha au kwa nini.

Mihambo alijibu Jumatatu.
*Ndugu Mfanyabiashara Mpendwa,
tumepokea ujumbe wako kwa moyo mkunjufu.*
Maganga alicheka hadi akaanguka kutoka kwenye ndoo:
"Na yeye anayo!"
Tukajibu. Akajibu.
Wiki nzima barua zikapishana,
kila moja inainama kuliko mwenzake,
inashukuru, inathamini, inatarajia ushirikiano endelevu,
na shilingi haijatoka mfukoni.
Mashine yake na yangu walishakuwa mashoga.

Nikamkuta Jumapili stesheni,
anangoja mzigo wa treni ya Mpanda, shati limemganda mgongoni.
Sikutazama chini.
Labda zile barua zilinitangulia, zikafyeka njia.
"Mihambo," nikasema. "Ndoo zangu."
Yeye ndiye akatazama viatu.
"Zile barua," akasema, "hata moja sikuielewa."
"Hata mimi."
Mpagazi aligeuka kuangalia watu wazima wawili
wanaocheka wameshikilia mkokoteni.

Halafu akanieleza. Tumbaku yake imepewa daraja la mwisho,
pesa ya chama haijatoka, na binti amerudi nyumbani
na yule mtoto anayetembea.
Hayo barua zake hazikuyasema.
Zangu hazikuuliza.
Tukakubaliana: ndoo mbili kwa pesa, chama kikilipa,
mbili kwa gunia la karanga, nipime mwenyewe.

Dukani nikaiandikia mashine kwa kidole kimoja,
maana Maganga alishaondoka:
*Mihambo. Ndoo mbili pesa, ndoo mbili karanga.*
Ikaniuliza, kwa adabu zake zote,
gunia hilo la karanga lina thamani ya shilingi ngapi
ili iweze kufunga hesabu.

Nikaandika, nikafuta. Nikalamba asali kidoleni, nikaandika tena:
*Subiri. Hazijang'olewa.*