Milimita Nane

Mwezi wa Juni, kama kila mwaka, nimeteremka mwambani
na rula ya chuma, penseli, na daftari la kijiji.
Babu wa babu yangu alichonga mstari hapa kwa patasi
pale maji yalipolamba jiwe siku ya harusi yake.
Leo maji yananigusa viatu
na mstari unanitazama kidevuni.

Hakuna aliyeuinua.
Barafu ilikaa juu ya nchi hii, unene wa kilomita tatu,
ikaondoka bila kuaga, yapata miaka elfu kumi,
na ardhi bado inajinyoosha
kama godoro aliloinukia mgonjwa mnene:
milimita nane kwa mwaka.
Haba na haba, naam,
ila kibaba hiki hakuna atakayekiona kimejaa.

Banda la mashua la baba liko msituni siku hizi.
Misonobari imeziba mlango,
mashua inanusa utomvu badala ya chumvi.
Watalii hucheka: nani aliyefunga chombo mtini?
Nawaambia bahari ilikuwa hapa, ikarudi kinyumenyume,
kwa adabu, kama mtu anayetoka chumba alimolala mtoto.

Mimi ni katibu wa kamati ya ardhi zinazozaliwa.
Torolf na Vendla walishtakiana miaka sita
kwa kisiwa cha ukubwa wa meza,
nyasi saba na yai moja la shakwe.
Torolf amekufa. Vendla yuko mjini, nyumba ya wazee,
hakumbuki kisiwa.
Kisiwa sasa ni kikubwa kama jiko langu.

Shule ilifungwa ikiwa na watoto wanne.
Tulikuwa mia mbili na kumi, tumebaki thelathini na mmoja,
na wenye meno yao wenyewe ni wachache zaidi.
Daftarini nina safu mbili, ardhi ikipanda, watu wakishuka.
Pale zilipopishana pana doa la kahawa.
Halikuwa la makusudi.

Mwanangu Emrik yuko Rotterdam, anajenga kuta za kuzuia maji.
Hunipigia Jumapili. "Mama, huku tuko chini ya bahari,
tunaishi kwa pampu."
Nilimwuliza kama bahari inayotukimbia sisi
ndiyo inayowafuata wao.
"Sivyo inavyokwenda," alisema,
akanieleza Grinlandi, joto, uzito wa maji.
Nikasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikauliza habari za mtoto.
Kimya. Nikasikia pampu,
au labda ni jokofu lake.

Wataalamu walituletea ramani ya miaka elfu mbili ijayo:
ghuba imefungwa, imekuwa ziwa,
mtu anakwenda Uswidi kwa miguu, soksi kavu.
Ramani nzuri, kijani kibichi.
Nikatafuta nyumba. Hawakuchora hata moja.
Nikampigia binti wa ofisini: mmesahau watu?
Akanijibu kwa upole,
"Mwamba una kanuni yake, bibi. Watu hatuna kanuni yao."

Basi nikainama, nikaweka rula.
Tano.
Nikafuta miwani kwa sketi, nikapima tena. Tano.
Ardhi haijachoka, inapanda vilevile.
Ni bahari iliyogeuka njiani,
imekumbuka kitu ilichokiacha huku.

Nimeandika tano, kwa wino.
Kisha nikatoa patasi ya babu, nikachonga mstari mpya
usawa wa maji ya leo,
nikaweka mwaka, nikaweka herufi ya jina langu, H.
Atakayekuja sijui kama atautazama kutoka chini,
kidevu juu,
au ataupapasa kwa vidole, pumzi amezibana, chini ya maji.

Patasi ilikuwa butu.
Mstari umepinda kidogo upande wa kulia.